Paa Kwanza: Askari Wastaafu wa Nyumbani



Kamati ya Fedha tumepewa dakika kumi, na kila mwaka huwa tunazimaliza kwa kusoma mapato na matumizi. Safari hii taarifa hiyo iko mezani kwenu, imekaguliwa, na mwenye swali atatukuta karibu na mlango. Dakika zetu tunaomba tuzungumzie askari wastaafu wa kwetu Kagera ambao hawana paa lao wenyewe.

Wazee waliomo humu wanaijua habari hii kuliko sisi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kupitia Mutukula, yakashika nchi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wetu walikimbilia kusini watoto wakiwa mgongoni. Waliorudi walikuta nyumba zimeteketezwa na ng'ombe wameswagwa. Waliotufungulia njia ya kurudi ni askari wa JWTZ pamoja na maelfu ya mgambo waliotolewa mashambani na viwandani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa tunawakumbuka kila mwaka tarehe 25 Julai, na wengi wao wamelala Kaboya. Tunaowaleta mbele yenu leo ni walio hai, pamoja na wadogo zao waliovaa gwanda baadaye na sasa wamestaafu.

Kwetu mtu asiye na makazi hamumwoni barabarani. Yuko stoo ya mpwa wake, au amepanga chumba kimoja Bukoba na anadaiwa miezi minne. Sisi tunaoshughulika na vitabu vya hesabu tumejiuliza anafikaje hapo, na jibu halina maajabu. Kijana anaingia jeshini, anaishi kambini na baadaye kota, anahamishwa kila baada ya miaka kadhaa. Akiwa mbali, kibanja cha baba kinagawanywa. Aliyepo ndiye anayepewa. Siku ya kustaafu kota inarudishwa. Kiinua mgongo kinaingia kwa mkupuo, na ukoo mzima unaijua tarehe. Kuna ada, kuna harusi, kuna bodaboda ya kijana. Ujenzi unaanza kwa furaha, kuta zinafika kwenye lenta, hela inakata. Kinachobaki ni pagale, na majani yanaota sebuleni. Halafu lilikuja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, likaangusha na kupasua maelfu ya nyumba Bukoba, Missenyi na jirani zake, na hata baadhi ya waliokuwa wamemaliza kujenga wakarudi mwanzo.

Kabla ya kuwaomba fedha tulitafuta mahali ambapo kazi ya namna hii imefanyika na hesabu zake ziko wazi. Tulizipata Marekani. Nchi tajiri ile, lakini waliotoka vitani Vietnam, Irak na Afghanistan walikuwa wakilala chini ya madaraja. Wenzetu wale huhesabu watu wasio na makazi usiku mmoja kila Januari. Mwaka 2010 wastaafu wa jeshi waliohesabiwa walikuwa 74,087. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Katika miaka hiyohiyo Wamarekani wasio na makazi kwa jumla waliongezeka, kwa hiyo nafuu hii haikuletwa na hali nzuri ya maisha. Kuna kitu kilifanyika kwa kundi hili ambacho wengine hawakufanyiwa.

Kikubwa walichofanya ni kugeuza utaratibu. Zamani mtu aliambiwa aache pombe, atibiwe, atafute kazi, ndipo afikiriwe nyumba. Wakaanza na nyumba. Katika mpango wao mkubwa, uliopanuliwa mwaka 2008, mstaafu hulipa karibu asilimia 30 ya kipato chake kama kodi, serikali inamalizia, na ofisa ustawi anamfuata hapohapo kwake kwa matibabu na mengine. Wana pia fungu dogo la kumlipia malimbikizo ya kodi kabla hajatolewa vitu nje. Na miji iliyofanya vizuri, kama New Orleans ambao ulitangaza mafanikio yake Januari 2015, ilikuwa na orodha ya watu kwa majina: nani, yuko wapi, amekwama wapi.

Hatuna mabilioni yao, na wao wenyewe hawajamaliza. Lakini orodha ya majina tunaiweza. Tumeanza kuiandika kwa msaada wa viongozi wa vitongoji, na mbele ya kila jina kuna maswali matatu: ana kiwanja, ana hati, ujenzi umefika wapi? Orodha hiyo haitachapishwa humu. Mzee aliyekwenda vitani kwa ajili yetu hatutampiga picha akipokea bati.

Ndani ya kamati tulibishana hasa. Wapo waliouliza kwa nini tumwezekee mlevi, na fulani alitajwa. Kura ilikwenda upande wa kuezeka. Dawa za presha haziwekwi kwenye stoo inayovuja, na hakuna aliyewahi kuacha pombe kwa kulala kwenye pagale. Bati tukishalipigilia, mazungumzo mengine yatafanyika akiwa ameketi kwake.

Mfuko tunaouomba utafanya kazi ya kwanza ya kukamilisha mapagale: paa, chumba kimoja chenye mlango na kitasa, na choo. Kinachozidi kitasubiri. Fedha hazitapita mkononi mwa mlengwa wala wa ndugu yake. Tutalipa duka na fundi kwa hati ya malipo yenye sahihi mbili. Fungu dogo, asilimia 20, tumelitenga kwa walioko bado kazini na wanaokaribia kustaafu. Huyu tunataka apimiwe kiwanja na kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, jina la mke likiwemo, kabla ya kiinua mgongo kuingia. Gharama yake haifikii hata bei ya paa, na ndiko tunakoamini kila shilingi yenu itafanya kazi kubwa zaidi, ingawa tunafahamu hakuna mfadhili anayefurahia kuzindua karatasi.

Wajane wa askari wamo katika orodha kwa haki sawa.

Fomu za ahadi ziko ndani ya kipeperushi hiki. Unaweza kuahidi bati, mfuko wa saruji, siku ya fundi au fedha taslimu. Andika wazi, na usiandike usichoweza, kwa sababu tutakupigia. Malipo yote yaingie akaunti ya umoja, si simu ya kiongozi yeyote, sisi tukiwemo. Tunakusanya hadi mwisho wa Februari, ili mabati yawe juu kabla ya mvua za Machi.