Kununua Pikapu Iliyokwisha Tumika
(Maneno waliyoambiwa wanachama wa Kisauni)



Wengi wetu tupatapo kiinua mgongo, fikira ya kwanza ni gari. Sisi wanne tulifanya hivyo. Tulinunua pikapu ya dizeli ya milango minne, ile iitwayo dabo kebini, tupate kuchukua bidhaa za soko la Kongowea. Tulilipa fedha zote siku ile ile. Mwezi wa tatu wakaja wenye kumdai muuzaji, wakalichukua gari, maana alikuwa ameliweka rehani. Tulibaki na ufunguo tu. Basi sikizeni tuliyojifunza.

Kwanza, jiulizeni gari ni la kazi gani. Dabo kebini huchukua watu watano, lakini nyuma pa kupakia ni pafupi kuliko pikapu ya milango miwili. Kama kazi yenu ni magunia ya viazi na matenga ya nyanya, mtalipia viti visivyokaliwa. Kama ni kupeleka mafundi na vyombo vyao Bamburi au Mtwapa, hapo itawafaa.

Pili, karatasi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Logibuku mkononi mwa muuzaji haitoshi. Ombeni rekodi ya gari kwa NTSA, kwa njia ya eCitizen, mwone jina la mwenye gari. Tena, kwa sheria ya mwaka 2017, liko daftari la serikali ambamo wakopeshaji huandikisha rehani za mali zinazohamishika. Tafuteni humo pia. Nambari ya chesi na ya injini zilingane na karatasi. Msimalize kulipa kabla muuzaji hajahamisha jina.

Jihadharini na maneno matamu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane. Akikwambieni gari la miaka kumi na mbili "limeshuka melini juzi," mjue huyo si mkweli.

Tatu, injini, iwe ni Hilux, D-Max au nyingine. Nendeni alfajiri, mguse injini kabla haijawashwa. Mkiikuta ina moto, ulizeni kwa nini. Ikiwaka, tazameni moshi. Mweusi mwingi, dizeli haiungui sawasawa: huenda ni nozeli, au hewa haitoshi. Wa buluu, injini inakula oili. Mweupe kidogo wakati wa baridi si neno, lakini usipokoma, huenda maji yanaingia ndani. Kisha fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ikipuliza kwa nguvu, ringi zimechakaa, na kuifungua injini ya dizeli ni gharama kubwa.

Nne, chesi. Chumvi ya bahari yetu hula chuma. Laleni chini ya gari na tochi, mgonge kwa nyundo ndogo. Rangi mpya uvunguni ni jambo la kuulizwa.

Mwisho, mkinunua kwa shirika, andikeni mapatano kabla ya kutoa hata shilingi moja: nani ametoa kiasi gani, na gari litaandikwa kwa jina la nani.

Ndugu zetu, fedha hizi ni jasho la miaka mingi, na muuzaji anayewaharakisha ana sababu yake. Sisi hatukumwuliza. Ninyi mwulizeni.