Somo la Nchi ya Gosheni

Wapenzi Wakristu, leo twataka kuijua nchi ya Gosheni, walikokaa wana wa Yakobo walipokimbia njaa. Tusidhani kwamba haituhusu. Hapa Katindo, maji ya ziwa letu yashuka kusini kwa Mto Ruzizi hata Tanganyika. Lakini maji ya mvua inyeshayo nyuma ya milima ya moto yaingia Mto Rutshuru, kisha Ziwa Edouard, Mto Semliki na Ziwa Albert. Ndipo yafuata Mto Nili mpaka Misri.

Kaskazini ya mji wa Kairo, Nili wagawanyika matawi mawili. Watu wa zamani walihesabu saba. Kati yake ni nchi tambarare, yenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya kila mwaka, mpaka ukuta mkubwa wa Aswan, uliomalizika mwaka 1970, ulipoyazuia. Wamisri wa kale walilima huko ngano, shayiri na kitani, wakatengeneza karatasi kwa mafunjo. Upande wa mashariki palikuwa na malisho mema: ndiyo Gosheni.

Sisi tuna mawe meusi hata mlangoni. Wao walijenga nyumba kwa matofali ya udongo na majani makavu. Siku za Yosefu, wageni wale walipewa malisho. Akaja mfalme asiyemjua Yosefu, akawafanya watumwa wa kufyatua matofali. Mto ulikuwa ule ule, udongo ule ule. Moyo wa mwenyeji ndio uliogeuka.

Baadaye Bikira Maria na Yosefu mtakatifu walimkimbiza Mtoto Yesu Misri, kwa kumwogopa Herode.

Nasi tukumbuke. Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ilipowaka, wengi wetu tulikimbilia Sake na Rutshuru, tukapewa mkeka na chakula. Mwaka 2022 watu wa Rutshuru walikimbia vita, wakaja kwetu. Je, tuliwapokea kama Yosefu, au tuliwapandishia kodi ya chumba na kuwapunja ujira? Aliyetenda hivyo asingoje Kwaresima: arudishe alichopunja, kisha aende kuungama.

Swali: Kwa nini twapaswa kumpokea mgeni?
Jibu: Kwa sababu Bwana wetu mwenyewe alikuwa mgeni, na amesema kwamba ampokeaye mgeni ampokea yeye.