Mjumbe Hauawi, Lakini Lazima Atumwe

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Mnaosikiliza mkiwa kwenye mstari wa maji, mnaopika, na nyinyi mnaouguza, poleni, na asanteni kwa kutega sikio.

Leo tuongee juu ya watu tunaowaona kila wiki, wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari mkononi. Hapa Uganda wanaitwa VHT, na wizara ya afya ilianzisha mpango wao mwaka wa 2001. Kule Kongo tuliwaita RECO. Warundi huwaita abaremeshakiyago, Wanyarwanda abajyanama b'ubuzima. Majina ni mengi, lakini wote ni majirani zetu waliojitolea. Ndio wanaompima mtoto mkono kwa utepe wa rangi. Ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, wanakuambia umpeleke kituoni leo, si kesho.

Wengi wetu tunadhani kazi yao ni kutuletea maneno ya kituo tu. Naweni mikono, laleni ndani ya chandarua, pelekeni watoto chanjo. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchukua maneno yetu na kuyafikisha kituoni.

Na hiyo si zawadi tunayopewa. Mwaka wa 1978 nchi nyingi zilikutana Alma-Ata, mji ulio Kazakhstan ya leo, zikatamka kwamba watu wana haki, tena wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao. Hazikusema isipokuwa wakimbizi.

Tuseme kuna mama anayeongea Kifuliiru tu. Muuguzi anaongea Kiingereza na Kinyankole. Mama anaondoka na dawa ya maleria bila kuelewa kwamba ni mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, mpaka iishe. Siku ya pili mtoto anacheza, basi mama anaweka vidonge vilivyobaki vimsaidie mwingine. Homa inarudi. Kituoni wanasema mama huyu ni mkaidi, kumbe shida ni lugha. Muuguzi ataijuaje asipoambiwa? Anayeweza kumwambia ni VHT aliyekaa na mama huyo jikoni kwake.

Sasa aseme vipi? Akisema "watu wanalalamika", hakuna wa kumjibu. Aseme hivi: "Mwezi huu kijijini kwangu wamama watano hawakuelewa dawa. Tunaomba mkalimani siku ya kliniki ya watoto." Ataje shida moja, hesabu yake, na ombi lake. Asipojibiwa, ampelekee mwenyekiti wa RWC alifikishe mbele.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, siri. Mkutanoni tunapeleka hesabu, hatupeleki majina. Na mtu aliyebakwa asingojee mkutano. Aende kituoni mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72 tu.

Pili, jibu. Mtu akisema mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne atanyamaza, na mtoto wake ataugua kimyakimya. Ndugu VHT, hata jibu likiwa "hapana, hakuna pesa", rudi utuambie. Nanyi wakubwa wa kituo, msimkasirikie anayewaletea habari chungu. Wazee walisema mjumbe hauawi.

Nasi tumtume. Kuna wanaoogopa kwamba wakisema watafutwa kwenye orodha ya chakula. Kuuliza kwa heshima si kosa, na wengi wakiuliza pamoja, hakuna wa kunyooshewa kidole. Tukumbuke pia kwamba VHT ni mkimbizi kama sisi, na mgao wake unaisha kama wetu. Akifika mlangoni, mpe kiti na dakika kumi.

Wiki hii, kila nyumba imjue VHT wa kijiji chake, imwambie jambo moja, na imuulize: "Utaniletea jibu lini?"

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)