Mwili Unaofunzwa: Mhadhara wa Umma juu ya Maana na Makusudi ya Elimu ya Viungo kwa Wanafunzi



Mada niliyokabidhiwa ni maana na makusudi ya elimu ya viungo kwa wanafunzi, na kabla sijaingia ndani yake yanipasa kulikabili swali ambalo mzazi wa hapa Lupiro ana haki ya kuniuliza, nami nimekwisha kuulizwa na watu wenye busara zao: mtoto anayeamka kabla ya jua, akashika jembe, akachota maji, akatwanga, akashinda shambani akiamia ndege wasimalize mpunga, anahitaji kufundishwa mazoezi gani tena? Si dhuluma hiyo, kumwambia aruke kamba mtoto ambaye mgongo umekwisha kumchoka? Swali hili limetoka katika huruma, wala halistahili jawabu la haraka. Nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa naamini ya kwamba mtu asiyeweza kulijibu hajafahamu bado elimu ya viungo ni kitu gani.

Maisha ya bonde la Kilombero tunayajua sote. Mvua zikianguka, jamaa nyingi hufunga virago zikahamia mashambani, zikakaa katika vibanda na madungu mpaka mpunga uvunwe. Watoto wengine huchukuliwa wakaiacha shule, wengine huachwa kijijini chini ya bibi au dada mkubwa, wakawa wapishi na walezi kabla ya wakati wao. Miili yao haikosi shughuli. Lakini tutazame kwa makini ni shughuli gani. Mtoto apaliliaye huinama saa nyingi kwa namna moja, mkono ule ule ukivuta na kiuno kile kile kikibeba uzito; hakuna kitu katika palizi kinachoutaka mkono wake wa kushoto ujifunze kudaka, wala mguu wake ujifunze kutua baada ya kuruka, wala pumzi yake ijue kukimbia na kutulia. Hapumziki anapochoka, hupumzika ngwe iishapo. Tena muradi wa kazi ile ni mpunga, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa, maana watu hula mpunga. Walakini katika elimu ya viungo muradi ni mtoto mwenyewe. Kazi huutumia mwili, na elimu huufunza. Mwili unaweza kutumiwa miaka mingi bila ya kufunzwa hata siku moja, na mzee wa miaka hamsini ambaye hawezi tena kunyoosha kiuno ni shahidi wa jambo hilo katika kila kitongoji.

Nilipata kusimama kando ya uwanja wa shule moja ya msingi katika mwezi wa Julai, mpunga umekwisha kuingia ghalani na vumbi limeanza kupanda, nikamtazama mwalimu wa darasa la nne akifundisha kipindi chake bila ya kifaa chochote cha kununua. Aliwaambia watoto wasimame kwa mguu mmoja, macho wamefumba. Kijana mmoja mwenye mabega ya mkulima, ambaye bila shaka angeweza kuwashinda wenzake wote kwa jembe, alianguka, akainuka, akaanguka tena, na uso wake ulionyesha mshangao wa mtu aliyegundua ya kuwa nyumbani mwake mna chumba asichopata kukifungua. Baada ya hapo wakacheza rede. Mpira ulikuwa wa matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Warushaji wawili walisimama huku na huku, na msichana wa katikati alikuwa akijaza mchanga katika chupa huku akikwepa. Alipopigwa, mwalimu hakumtoa upesi kama ifanywavyo mitaani. Alisimamisha mchezo akamwuliza kwa nini amepigwa. Msichana alifikiri kidogo akajibu: “Nilitazama chupa, sikumtazama mrushaji.” Mwalimu akamwambia arudie. Mara ya pili alijaza mchanga kwa kupapasa, jicho haliko chupani kamwe, na chupa ikajaa.

Katika jambo hilo dogo naona makusudi ya elimu hii yamekusanyika. Mtoto alitenda, akakosea, akaitafuta sababu ya kosa ndani ya mwendo wake mwenyewe, akaisema kwa maneno, kisha akaurekebisha mwili wake kwa amri ya akili yake. Angeliachwa acheze tu, huenda asingelipata sababu ile. Na angelifanyishwa mazoezi kwa filimbi na amri, asingeliulizwa. Mchezo wenyewe haujawa elimu, ingawa bila ya mchezo elimu hii hukauka. Kinachoufanya kuwa elimu ni yule mwalimu aliyesimama akauliza.

Wazee wetu waliyajua haya kwa njia zao. Wandamba wa mito na mabwawa ya bonde hili walimfundisha mtoto kusimama wima ndani ya mtumbwi na kusukuma kwa upondo, ustadi unaotaka nyayo zisikilize maji; na katika ngoma za Wapogoro, sangula ikiwa mojawapo, kifua, goti na pumzi hufuata mapigo kwa usahihi ambao mwalimu yeyote wa mazoezi duniani angeuonea wivu. Shule ya kikoloni ilipokuja ilileta kitu kingine. Mswidi Per Henrik Ling alianzisha mwaka 1813 katika mji wa Stockholm taasisi ya mazoezi yaliyopangwa kwa hesabu ya mifupa na misuli; mfumo wake ukapokewa Uingereza, na kutoka huko mazoezi ya mistari na amri yakafika katika viwanja vya shule za makoloni. Yalikuwa na faida yake, kwa kuwa yalikumbuka mgongo na mapafu ambayo dawati huyasahau. Walakini shuleni kwetu yalikaa jirani mno na kwata ya askari, na mtoto alijifunza kutii kabla ya kujifunza kujitambua.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuyageuza. Mwaka 1967, ambao Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ndio mwaka ambao sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa. Na waliosoma katika miaka iliyofuata wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, shule nzima ikikimbia na kuimba, na wengine wanazikumbuka halaiki za siku kuu za taifa. Mimi nausifu mchakamchaka kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba haukumchagua mtu: mnene na mwembamba, mwepesi na mzito, wote walikimbia. Ila yake ilikuwa kwamba mwendo ulikuwa mmoja kwa wote, hata kwa aliyeamka na homa. Nalo shamba la shule la Elimu ya Kujitegemea lina somo zito kwetu. Mwalimu Nyerere alitaka liwe mahali pa kujifunza, ambapo mwanafunzi hupanga, hupima, hukosea na kuelewa sababu. Katika shule nyingi jembe likabaki na kujifunza kukaondoka. Hatari hiyo hiyo inaikabili elimu ya viungo kila siku, kwa kuwa ni rahisi mno kutoa mpira, kuwaacha watoto wakimbie, na kuandika katika kitabu ya kuwa kipindi kimefundishwa.

Yupo na adui mwingine, ambaye huvaa nguo nzuri zaidi. Nasema juu ya mashindano. Siyachukii; mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yamewatoa vijana wengi vijijini wakaiona nchi yao, na yaliposimamishwa mwanzoni mwa karne hii tulihuzunika kwa haki, tukafurahi yaliporejeshwa. Lakini angalieni namna yanavyokwenda. Shule huchagua wachache, kata hupunguza, wilaya hupunguza, mkoa hupunguza. Na mwalimu ambaye sifa yake hupimwa kwa kikombe huwapa hao wachache jioni zake zote, wakati mamia waliosalia husimama pembeni wakipiga makofi. Waliosalia ndio waliohitaji kufundishwa zaidi. Hakuna mwalimu wa hisabati anayewafundisha watoto kumi hodari akawaambia wengine washangilie, na angelifanya hivyo wazazi wangelikuja shuleni siku ya pili.

Huniambia watu: “Lakini tunataka tupate Filbert Bayi wetu, tupate Simbu wetu.” Nami nawapenda mashujaa hao. Bayi aliposhika uongozi tangu mzunguko wa kwanza huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500, na Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, taifa zima lilisimama wima. Hata hivyo wakimbiaji wetu wa mbio ndefu aghalabu wametoka katika nyanda za juu, kule Arusha, Manyara na Singida, na Lupiro iko takribani mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, katika joto na unyevu. Ikiwa shabaha yetu ni kuzaa mabingwa wa marathoni, bonde hili lina udhuru wa kuacha. Ikiwa shabaha ni kwamba kila mtoto amiliki mwili atakaoishi nao miaka sabini, hakuna mwinuko wa ardhi unaotoa ruhusa.

Sasa nije kwenye siha, jambo ambalo Lupiro inalijua kuliko mahali pengi, kwa sababu ya mbu wake. Tangu Rudolf Geigy wa Uswisi aanzishe maabara Ifakara mwaka 1957, ambayo kizazi chake ni Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, wataalamu wamekuja katika kijiji hiki kuwahesabu mbu, kuwachunguza na kutafuta njia ya kuwazuia. Wamethibitisha, pamoja na mengine, ya kwamba mbu wengine wa malaria huanza kuuma mapema jioni, nje ya nyumba, kabla mtu hajaingia chandaruani. Nayo ni saa ile ile ambayo vijana wetu wako uwanjani vifua wazi. Tena mtoto aliyepatwa na malaria mara kwa mara, au mwenye kichocho au minyoo, huwa na upungufu wa damu, na mwalimu asiyejua hayo humwita mvivu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wa somo hili ni kumtazama mtoto usoni kabla ya kumwamuru chochote: rangi ya midomo, pumzi, na kama ameonja uji asubuhi. Wakati mwingine kipindi bora kwake ni kukaa kivulini akishika hesabu ya mchezo, kisha kwenda zahanati.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri ya kuwa mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo wa kumtoa pumzi. Mtu atasema watoto wetu huzidisha kipimo hicho kwa kutembea tu. Wengi ndivyo, leo. Lakini tangu daraja kubwa la mto Kilombero, lenye mita 384, lifunguliwe mwaka 2018 na kivuko kikaachwa, na bodaboda zikaenea kila njia, safari zilizofanywa kwa miguu zinafanywa kwa kukaa. Nami nashukuru, kwa maana mama mwenye uchungu wa uzazi hangoji tena kivuko. Ila kisukari na shinikizo la damu, maradhi tuliyoyadhania kuwa ya watu wa mjini, hufuata njia hizo hizo. Mtoto aliyejifunza kuupenda mwendo kwa furaha atatembea hata siku ambayo hana haja ya kutembea. Aliyeujua kama adhabu ya jembe na kuni ataukimbia mara apatapo pesa ya nauli. Hili ndilo jawabu langu la mwisho kwa mzazi aliyeniuliza swali la mwanzo, na ndiyo sababu nasisitiza ya kwamba asiadhibiwe mwanafunzi kwa kukimbizwa wala kwa kurushwa kichura: mwalimu afanyaye hivyo huliharibu somo lake kwa mkono wake.

Kuna jambo moja la bonde ambalo silioni katika vitabu vya kiada, nalo ni maji. Watoto wa hapa huvuka mito na mabonde yaliyofurika, na wengi hawajui kuogelea. Sisemi wapelekwe mtoni, penye mamba, viboko na kichocho. Lakini somo la maji lina sehemu kubwa ya nchi kavu: namna ya kupanda na kukaa katika mtumbwi usipinduke, namna ya kutawala pumzi na hofu, na namna ya kumtupia kamba au kumnyoshea upondo anayezama badala ya kujitosa naye. Wavuvi wazee wanaoyajua haya wako hai, wako karibu, na shule iwaite kwa heshima waje wafundishe.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978 uliitaja elimu ya viungo kuwa haki ya kila mtu, na mtaala mpya wa nchi yetu unalo somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Kwa karatasi, basi, hatudaiwi. Deni liko katika ratiba, ambapo kipindi hiki huwekwa mwisho wa siku, kisha hukatwa kwa ajili ya hisabati mtihani ukaribiapo, na kinachobaki husukumwa baada ya masomo. Huko baada ya masomo msichana hayupo, amekwenda kuchota maji. Mtoto mwenye ulemavu hayupo, kwani aliyemleta amekwisha kumrudisha. Na mbu wameanza. Kwa hiyo naziomba kamati za shule zilizowakilishwa hapa jambo moja litangulie mengine yote: kipindi kiwekwe asubuhi, baada ya uji, kabla jua halijakaza, wasichana na wavulana pamoja, na mtoto atembeaye kwa magongo apewe nafasi ndani ya mchezo. Mwalimu mkuu anaweza kulitenda hilo Jumatatu ijayo, bila ya kungoja fungu lolote kutoka wilayani.