Hotuba ya Walimu Wakimbizi Mbele ya Klabu ya Huduma ya Jamii, Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu, waheshimiwa wanachama, mabibi na mabwana, na ninyi wakimbizi wenzetu mlioketi kule mlangoni (sogeeni, viti vipo):

Barua yenu ilituomba tuzungumze juu ya uhamiaji. Sisi walimu tuliisoma mara mbili, tukaona tuanze kwa kusahihisha kidogo, maana kusahihisha ndiyo kazi tuliyosomea. Mhamiaji hufunga mizigo, huaga majirani, huuliza nauli. Sisi tulitoka Kivu bila kumuaga mtu. Mwenzetu mmoja alivuka mpaka wa Bunagana akiwa na chaki mfukoni, kwa sababu risasi zilianza akiwa ubaoni.

Tofauti hiyo imo katika sheria. Mkataba wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, taifa, kundi lake au fikra zake za siasa. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliwaongeza wanaokimbia vita na machafuko. Uganda nayo ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006, inayoturuhusu kutembea na kufanya kazi. Ziko nchi ambazo mkimbizi hatoki nje ya kambi bila kibali, kwa hiyo tunashukuru kwa dhati.

Wala ukarimu huu si wa jana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya watu wa Poland waliletwa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya karibu na Masindi, ambako kanisa walilojenga lingali limesimama. Wakafuata Wasudani na Wanyarwanda. Ninyi wenyewe pia mmeyaonja. Mwaka 1972 Wahindi walipewa siku 90 waondoke, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, yaani nchi yetu.

Sasa tuseme lililotuleta. Msaada wa chakula hutolewa makambini. Anayekaa Kampala hujitegemea. Hata huko makambini mgao ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na ukazidi kupungua baadaye. Wake zetu hutembeza vitenge nyumba kwa nyumba toka asubuhi, na mwalimu aliyehitimu chuo cha ualimu hubeba matofali. Matofali si aibu. Ila hatukuyasomea.

Shida ni vyeti. Vyetu viliandikwa kwa Kifaransa. Ili mtu aajiriwe kama mwalimu, sharti vitafsiriwe kwa Kiingereza, kisha vilinganishwe na vya Uganda. Kila hatua ina ada yake, na mara nyingi hutakiwa karatasi kutoka chuo ulikosoma, wakati chuo kipo upande wa pili wa vita. Mwenzetu alikwenda katika ofisi moja mara saba. Mara ya saba aliambiwa alete orodha halisi ya alama zake. Orodha hiyo iliungua pamoja na nyumba. Alirudi Makindye kwa miguu.

Na huku kazi ipo! Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wa Kiswahili wanatafutwa, nasi tunafundisha bila malipo katika chumba cha kanisa, watoto 60 kwa ubao mmoja. Majirani zetu Waganda nao huleta watoto wao, na hutuita "musomesa". (Tunakiri kwamba Kiswahili cha Kivu kina kona zake, ilitubidi turudie ngeli kama wanafunzi wa darasa la tatu.)

Waheshimiwa, mlituletea mablanketi na unga, na hatukusahau. Lakini unga huisha kwa wiki mbili. Katika klabu yenu wamo mawakili, wakuu wa shule na watu wa benki. Tunaomba mtulipie ada ya kutafsiri na kulinganisha vyeti, na wakili mmoja awaandikie hati ya kiapo wale ambao karatasi zao ziliungua. Mkuu wa shule aliye tayari kumjaribu mmoja wetu kwa muhula mmoja, tutamletea mwalimu huyo kesho.

Majina 14 tumemkabidhi Katibu wenu kabla ya chai. Mtaona mawili yamekatwa kwa wino mwekundu. Hao walichoka kungoja, wakarudi Kivu mwezi uliopita, na mpaka leo hatujapata barua yao.