Kipimo, Ghala na Kuba: Nyumba za Andrea Palladio na Urithi Wake

Nyumba za kale zinapotajwa kwa sifa, aghalabu husifiwa kile kilichogharimu fedha nyingi: marumaru, dari zilizonakshiwa kwa dhahabu na samani zilizorithiwa vizazi kwa vizazi. Mhadhara huu unashikilia kwamba katika nyumba zilizojengwa kwa mvuto wa Renesansi, yaani kipindi cha karne ya 15 na ya 16 ambapo wanazuoni na mafundi wa Italia waliifufua elimu na sanaa ya Warumi na Wagiriki wa kale, kinachostahili kutazamwa kwanza ni kipimo cha vyumba na mahali ambapo nyumba imeziweka kazi zake. Mambo hayo mawili hayaonekani wazi zaidi popote kuliko katika vila za Andrea Palladio, zilizotapakaa mashambani mwa Veneto, kaskazini-mashariki mwa Italia. Vila, kwa maana ya wakati huo, ilikuwa makao ya mwenye shamba pamoja na maghala, mazizi na nyua za kazi, ingawa leo jina hilo limebaki kuashiria nyumba ya starehe.

Palladio alizaliwa Padova mwaka 1508, mtoto wa msaga nafaka, akafunzwa kuchonga mawe tangu utotoni, na mwaka 1524 akahamia Vicenza, ambako alifanya kazi karakanani kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumwita msanifu majengo. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 30 alipokutana na Gian Giorgio Trissino, mwungwana na mwanazuoni aliyekuwa akiijenga upya nyumba yake ya Cricoli, nje kidogo ya mji. Trissino ndiye aliyempa jina la Palladio, akamfungulia mlango wa maandishi ya kale, na mwaka 1541 akasafiri naye hadi Roma, ambako mchonga mawe huyo aliyapima magofu ya mahekalu na mabafu ya Warumi na kuyachora. Mwaka 1556 Daniele Barbaro alipochapisha tafsiri yake ya kitabu cha Vitruvius, msanifu wa Kirumi ambaye maandishi yake kuhusu ujenzi ndiyo pekee yaliyosalia kamili kutoka zama hizo, michoro muhimu ilikuwa ya Palladio. Ni jambo la kutukuzwa kwamba elimu iliyohodhiwa na wasomi wa Kilatini iliwekwa mikononi mwa mtu aliyelijua jiwe kwa kulichonga.

Wateja wake walikuwa matajiri wa Vicenza na makabaila wa Venezia, mji ambao kwa karne nyingi uliishi kwa biashara ya bahari. Njia ya kuizunguka Afrika, ambayo Wareno waliipitia mwaka 1498 walipofika Mombasa na Malindi kabla ya kuvuka hadi India, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoitikisa biashara hiyo ya viungo, na katika karne ya 16 fedha nyingi za Venezia zilielekezwa kwenye ardhi: vinamasi vilikaushwa, mifereji ikachimbwa, na mahindi yaliyotoka Amerika yakaanza kupandwa kando ya ngano. Mwenye ardhi alihitaji nyumba ya kusimamia mavuno, naye hakutaka kuonekana mshamba.

Jibu la Palladio linasomeka vizuri zaidi huko Fanzolo, katika vila aliyoijengea familia ya Emo katikati ya karne hiyo. Katikati imesimama nyumba ya mwenye shamba, ikiwa na ngazi pana ya mteremko na baraza yenye nguzo nne, na juu yake pembetatu pana ya paa kama ile iliyoyapamba mahekalu ya Kirumi. Palladio aliamini kwamba mahekalu yaliiga umbo la nyumba za watu, na kwa imani hiyo, ambayo wanahistoria hawaikubali tena, akairudishia nyumba ya kawaida heshima ya hekalu. Kutoka pande mbili za nyumba yanatoka mabawa marefu yenye matao, yaitwayo barchesse, ambamo vilikaa vyombo vya kilimo, mifugo na mavuno, na mwishoni mwa kila bawa pana mnara wa njiwa. Katika kitabu alichokiandika baadaye kuhusu usanifu majengo, Palladio anaieleza nyumba hii kwa fahari ya mtu wa kazi: anasema kwamba mwenyewe aweza kufika kila mahali akiwa chini ya paa. Madirisha hayana pambo lolote. Uzuri wote umetokana na mpangilio wa kuta tupu, kivuli cha matao na uwiano wa sehemu ya kati na mabawa yake, na msafiri anayeijia nyumba kwa mbali huyaona maghala kabla ya kumwona mwenyeji.

Vifaa navyo havikuwa vya anasa. Nguzo nyingi za Palladio ni za matofali ya kuchoma yaliyopakwa lipu, na jiwe la kuchonga, lililokuwa ghali kulisafirisha, liliachwa kwa sehemu chache kama vile vitako na vichwa vya nguzo. Kilichokuwa ghali kilikuwa ni akili. Katika kitabu chake hicho, I quattro libri dell'architettura, yaani vitabu vinne vya usanifu majengo, kilichochapishwa Venezia mwaka 1570, anaorodhesha maumbo saba ya chumba anayoyaona kuwa bora, miongoni mwao duara, mraba, na mistatili ambayo urefu wake unazidi upana kwa theluthi au kwa nusu, au ni mara mbili ya upana. Kimo cha chumba chenye dari bapa anakitaka kilingane na upana. Chumba chenye dari ya tao, ikiwa kina futi 6 kwa 12, kimo chake kiwe 9, kwa sababu 9 imekaa katikati ya namba hizo mbili. Mtu aingiaye hajui hesabu hiyo, lakini mwili wake huitambua.

Nyumba yake mashuhuri kuliko zote, La Rotonda, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1560 juu ya kilima nje ya Vicenza, haikuwa na shamba la kusimamia. Mwenyewe alikuwa Paolo Almerico, kasisi aliyestaafu kutoka baraza la Papa, na Palladio katika kitabu chake aliiweka pamoja na nyumba za mjini. Ina nyuso nne zinazofanana, kila moja na nguzo sita, na katikati ukumbi wa duara chini ya kuba, ambao ulikamilishwa na Vincenzo Scamozzi baada ya Palladio kufariki mwaka 1580. Ni kazi ya kustaajabisha, na hakuna haja ya kuipunguzia sifa. Ila ndiyo iliyoigwa zaidi, na waigaji walichukua kuba na nguzo wakaiacha hekima ya Fanzolo. Huko Uingereza, baada ya Inigo Jones kuleta elimu hiyo kwa uangalifu katika Queen's House ya Greenwich, iliyoanza mwaka 1616, Lord Burlington alijenga Chiswick House, iliyokamilika mwaka 1729, kando ya nyumba ya zamani iliyoendelea kubeba maisha ya kila siku. Huko Marekani, Thomas Jefferson aliijenga Monticello kwa kukisoma kitabu cha Palladio, na majiko na mabanda ya kazi akayaficha chini ya majukwaa yaliyokatwa kwenye mteremko wa kilima. Waliofanya kazi humo walikuwa watumwa, na katika maisha yake Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600. Palladio alikuwa ameiweka kazi mbele ya macho. Wakulima wa Veneto walikuwa maskini, wakilima ardhi ya wengine, lakini jengo halikukana kuwapo kwao. Monticello hulikana hilo kwa ustadi mkubwa, na anayeistahi bila kuliona hajaitazama nyumba nzima.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake wa kipimo cha Renesansi. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilibuniwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyewatumikia Wareno, na ramani yake inafuata umbo la mwili wa binadamu, wazo ambalo Renesansi ililitoa kwa Vitruvius. Hapo jiometri ile ile iliwekwa katika kuta za kuhimili mizinga na kutawala mji.

Vicenza iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994, na miaka miwili baadaye vila za Veneto zikaongezwa. Walimu wa usanifu majengo wanaofundisha kazi hizi kwa picha ya Rotonda peke yake wanaombwa waiweke kando yake ramani ya Fanzolo, pamoja na maghala yake yote.