Uvuvio wa Biblia na Mawe ya Kariandusi



Mas'ala yaliyotukusanya hapa Bondeni, mjini Nakuru, ni haya: je, mtu anayeamini kwamba Biblia imetoka kwa Mungu analazimika kuisoma yote kwa dhahiri ya maneno yake, siku iwe siku na mwaka uwe mwaka, au yawezekana aiamini kwa moyo wake wote na huku akikubali kwamba sehemu zake nyingi zimenenwa kwa istiari, kwa shairi na kwa mfano? Mimi ni Mkristo, nayasadiki Maandiko haya kuwa yamevuviwa, na imani hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba kuyalazimisha yote yawe taarifa ya dhahiri ni kuyadhulumu.

Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta kielelezo, maana mgogoro huu ulipita ndani ya aila moja nchini mwetu. Kasisi Harry Leakey wa shirika la kimisionari la CMS alifika Kabete mwanzoni mwa karne iliyopita, akajifunza Kikikuyu, akawa miongoni mwa wale walioifanya kazi ya kulifasiri Agano Jipya, lililotoka kwa lugha hiyo mwaka 1926. Na mwanawe Louis, aliyezaliwa hapo hapo Kabete mwaka 1903, na ambaye ujanani alinuia kuwa mmisionari kama babaye, ndiye aliyeongoza msafara ulioyagundua, mwaka 1928, mawe ya Kariandusi karibu na Ziwa Elmenteita, kando ya njia ambayo wengi wenu huipita mnapokwenda Nairobi. Ni mashoka ya mkono yasiyo na mpini, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, yaliyochongwa kwa ustadi pande mbili, na wataalamu huyakadiria kuwa na umri wa baina ya miaka laki saba na milioni moja.

Yalinganisheni hayo na hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye katika karne ya 17 alijumlisha miaka ya mababu wanaotajwa katika kitabu cha Mwanzo pamoja na ya wafalme waliofuata, akahitimisha kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ussher alikuwa mwanachuoni hodari, na hesabu yake ilifanywa kwa uangalifu. Taksiri yake ni kwamba alikiuliza kitabu swali ambalo kitabu hakikukusudia kulijibu. Na ubishi huo haujazimika, kwani mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa yalipokuwa yakijiandaa kuonyesha mifupa ya kijana wa Turkana, ambayo Kamoya Kimeu aliiona Nariokotome mwaka 1984 na ambayo umri wake ni takriban miaka milioni moja na nusu, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa mstari wa mbele, walipinga isiwekwe mahali pa fahari. Siwadharau hata kidogo, maana walikuwa wakiilinda heshima ya mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mola wake, na heshima hiyo yastahili kulindwa. Walakini nadhani waliilinda kwenye lango ambalo halikushambuliwa.

Fungueni Mwanzo wenyewe. Katika sura ya kwanza jioni na asubuhi zinahesabiwa tangu siku ya kwanza, ilhali jua halijawekwa mpaka siku ya nne. Katika sura hiyo wanyama wanatangulia na mwanadamu anafuata, lakini katika sura ya pili mwanamume anafanyizwa kwanza, kisha wanyama wanaletwa kwake awape majina. Aliyezipanga sura hizi bega kwa bega hakuwa kipofu. Alijua kwamba msomaji wake hatazichukua kama daftari la karani. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliliona jambo hili zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na Darwin wala makumbusho: alifundisha kwamba siku zile sita si lazima ziwe siku za jua, tena akawaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya mambo ya maumbile mbele ya watu wanaoyajua, wasije wakakidhihakisha Kitabu. Basi anayesema kwamba usomaji wa istiari ni kimbilio la watu wa zama hizi walioshindwa na sayansi, huyo hajawasoma mababa wa Kanisa lake.

Nasi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, ulitungwa Pate mwaka 1728, na wasikilizaji wake waliisadiki dini inayosifiwa mle bila ya kudai kila pigo la upanga liwe na shahidi.

Hapa huinuka hoja ambayo sitaki kuikwepa, kwa sababu ni hoja ya watu wacha Mungu: ukiisha kusema kwamba siku sita ni istiari, nani atakuzuia usiseme vivyo hivyo juu ya kufufuka kwa Yesu? Jibu langu ni kwamba atakayenizuia ni Kitabu chenyewe. Paulo, anapowaandikia Wakorintho habari ya ufufuo, anataja mashahidi, wengine kwa majina, na kusema kwamba wengi wao bado wako hai. Hiyo ni lugha ya mtu atoaye ushahidi, naye anataka asadikiwe au akanushwe kwa ushahidi huo. Zaburi haineni hivyo, wala Ufunuo wa Yohana, wala mfano wa mwana mpotevu, ambao hakuna mkulima wa Njoro wala wa Subukia aliyewahi kuuliza shamba la baba yule lilikuwa wilaya gani. Uvuvio ni mmoja, aina za maandishi ni nyingi, na mtu mwaminifu huanza kwa kuuliza: hili ninalolisoma ni la aina gani?

Isitoshe, wale wanaodai kusoma kwa dhahiri tu hawafanyi hivyo kamwe. Wamisionari waliwataka waumini wa mlimani na wa bondeni waache wake wa pili na wa tatu. Waumini, walipopata kujisomea, wakauliza mbona Ibrahimu, Yakobo na Daudi hawakutengwa, na swali hilo likawa miongoni mwa maswali yaliyofuatana na mfarakano mkubwa wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, kisha makanisa ya kujitegemea yakazaliwa. Wamisionari walijibu kwamba desturi zile zilikuwa za zama zake. Jibu hilo laweza kuwa sahihi, lakini ni tafsiri, si dhahiri ya maneno. Na msomaji wa Kiafrika aliyelibaini alikuwa amesoma vizuri.

Hatari kubwa kuliko zote iko papa hapa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, na inadaiwa kwamba wengi wao waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ni ya mahakama, nami siihukumu. Ila najua kwamba kuna mhubiri asemaye, mimi sifasiri, mimi nasoma tu kilichoandikwa. Na maneno hayo huificha tafsiri yake mwenyewe nyuma ya jina la Mungu, hata msikilizaji asiweze kuihoji bila ya kujiona anamhoji Mungu. Kila mwaka watu wa Nakuru hupanda mlima wa Menengai wakafunge na kuomba katika mapango ya kule, na kufunga ni ibada njema ya kale. Ndiyo maana nawasihi msimfuate mtu yeyote mlimani asiyekubali kuulizwa alivyolifahamu andiko.

Rai yangu kwa makanisa ya mji huu ni moja. Wafundisheni vijana wa kipaimara, kabla ya kuwafundisha nini cha kuamini juu ya Mwanzo, kutofautisha shairi na taarihi, mithali na sheria, maono na ushahidi. Kisha wapelekeni Kariandusi, wayaone mashoka yale kwa macho yao mchungaji wao akiwa kando yao, naye ajibu watakaloliuliza.